Gari ya zamani inagoma kuwaka: sikiliza stata kabla hujanunua kifaa

Gari iliyokula miaka ikianza kusumbua kuwaka, wengi wanakimbilia kununua. Leo plagi, kesho betri, keshokutwa pampu ya petroli, na gari bado inasumbua vilevile, hela imekata na ugonjwa wenyewe haujajulikana. Hapo hujatafuta tatizo, umepiga ramli. Na gari za zamani ndo mbaya zaidi kwa mchezo huo, sababu kila kifaa ukikitazama kimechoka kidogo, kwa hiyo kila utakachofungua utasema "eeh, kumbe hiki kilikuwa kibovu", wakati siyo hicho kinachokuzuia kuwaka.

Kabla hujashika spana iulize gari maswali mawili: inagoma vipi, na inagoma wakati gani. Ukiyapatia majibu, vitu vingi unavyovishuku vinajitoa vyenyewe kwenye orodha.

"Vipi" ni stata inafanyaje ukigeuza ufunguo. Kuna gari haizungushi kabisa, kuna inayozungusha kivivu, kuna inayozungusha kwa nguvu zote lakini injini haishiki, na kuna inayoshika afu inazima palepale. Wote tunasema "gari haiwaki" ila hizo ni shida nne tofauti. "Wakati gani" nayo ni hivi: asubuhi injini ikiwa ya baridi, au ikiwa ya moto umeizima dakika 15 ukirudi haitaki, au ikinyesha tu, au ukitoka kujaza mafuta, au ikiwa imekaa siku tatu bila kuguswa, au imepaki kwenye mteremko. Andika mahali, hata kwenye simu, kwa siku kadhaa: ilikaa muda gani, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, ulipiga stata sekunde ngapi, iliposhika ilitoa moshi wa rangi gani, ulisikia harufu ya petroli au hukusikia. Hata ukija kumpelekea fundi, karatasi hiyo itakuokolea hela nyingi kuliko kumwambia "inasumbua sumbua".

Tahadhari kidogo tusonge mbele: gia iwe huru au P, hendibreki juu, nguo na nywele mbali na feni na mikanda, usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri au petroli, na stata usiipige mfululizo zaidi ya sekunde 10 hivi, ipumzishe dakika moja ndo urudie. Stata nyingi za watu zimeunguzwa na hasira tu.

Ikiwa stata haizungushi au inazungusha kivivu

Washa taa kubwa za mbele, muombe mtu azitazame, afu piga stata. Kama taa zinafifia mpaka karibu kuzima, betri imeisha au kuna muunganiko mbovu mahali. Kama taa zinabaki zinawaka vizuri na stata kimya kabisa, umeme haufiki kwenye stata, hapo shuku swichi ya ufunguo, rilei, waya mwembamba unaoenda kwenye solenoidi (ile swichi kubwa iliyo kwenye stata), au kwa gari za otomatiki ile swichi inayozuia kuwasha ukiwa kwenye gia (jaribu kuwasha ukiwa N badala ya P, ikiwaka umeshapata jibu). Kama unasikia "tak" moja nzito na hakuna kinachozunguka, solenoidi imesukuma lakini kontakti zake za ndani zimeliwa, au kabonibrashi za stata zimeisha, au stata imenasa, au waya mnene hauna nguvu ya kutosha. Ile "tatatatata" ya haraka haraka karibu kila mara ni betri kukosa nguvu au terminali kulegea. Na kama stata inalia "wiii" peke yake bila injini kugeuka basi bendiksi (gia ndogo ya stata) haishiki kwenye meno ya flaiwili, hiyo haina mjadala, stata inashuka chini.

Betri ipime kwa tesita (multimita) ikiwa imepumzika masaa kadhaa. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ikisoma 12.0 kushuka chini hiyo imekaribia kuisha. Ila namba ya betri iliyopumzika inaweza kukudanganya, betri iliyokufa ndani inaweza kukuonyesha 12.5 asubuhi na ukiiomba kazi inaanguka. Ndo maana kipimo cha maana ni kile cha wakati wa kupiga stata: weka tesita kwenye nguzo za betri, mwenzio apige stata, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Zikianguka mpaka 8 au 7, betri ni mgonjwa, au stata imenasa inakula umeme kupita kiasi. Gari ikishawaka pima tena, unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.7, chini ya hapo altaneta haichaji na betri mpya utakayonunua nayo itakufa vilevile.

Sasa hapa kwenye nyaya nitakaa kidogo, maana kwa gari ya zamani ndo penye siri nyingi na ndo pasipopimwa. Watu wanaangalia terminali kwa macho, wanaona inang'aa, wanasema ipo sawa. Umeme mkubwa wa stata hauhitaji terminali kung'aa, unahitaji chuma kushikana na chuma. Pima hivi: weka tesita kwenye volti za DC, ncha nyekundu iguse mwili wa injini mahali pasafi pasipo na rangi wala mafuta, ncha nyeusi iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, namaanisha nguzo ya risasi, siyo klampu iliyoibana. Mwenzio apige stata. Tesita ikisoma 0.2 safi, ikisoma 0.5 na kupanda basi waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi au injini) unakula volti ambazo zilitakiwa zifike kwenye stata. Afu sogeza ncha nyeusi kutoka kwenye nguzo uiweke kwenye klampu, rudia. Kama sasa usomaji umeshuka, ubovu uko pale pale baina ya klampu na nguzo, unavua, unasugua kwa brashi ya waya mpaka uone risasi mbichi, unabana tena. Kama haujashuka, fuata waya mpaka unapofungwa kwenye bodi au injini. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya chanya mpaka bolti nene ya stata, isizidi nusu volti.

Kuna nyaya ambazo nje zimevaa mpira mzima kabisa na ndani shaba imeshageuka unga wa kijani. Ukikunja waya karibu na terminali ukasikia unachakarika kama mchanga, huo umeshakwisha. Na zile ethi nyembamba zilizosukwa kati ya injini na bodi huwa zinakatika nyuzi moja moja miaka na miaka, zikibaki nne tano gari inawaka asubuhi moja na kugoma asubuhi nyingine.

Kama vipimo vyote hivyo ni vizuri na stata bado nzito, basi ni stata yenyewe, au oili uliyoweka ni nzito mno kwa baridi iliyopo. Kuna stata zinazokuwa nzima asubuhi na kugoma injini ikiwa ya moto tu, hasa zilizokaa karibu na paipu za ekzosi: joto linapandisha upinzani kwenye solenoidi na kama bushi zimelika mhimili unaanza kukwaruza. Ile ya kugonga stata kwa nyundo ndogo ikawaka ni dalili ya kabonibrashi kuisha. Itakufikisha nyumbani, siyo matibabu.

Na kama betri inakutwa imekufa kila asubuhi wakati altaneta inachaji vizuri, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, vua klampu ya hasi, weka tesita ikiwa kwenye ampea baina ya klampu na nguzo, subiri kama nusu saa kwenye gari yenye kompyuta. Ikizidi miliampea 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige stata wala kuwasha taa wakati tesita imeunganishwa hivyo, fyuzi yake itakatika.

Ikiwa stata inazunguka freshi ila injini haishiki

Kwanza sikiliza mdundo. Injini nzima ikizungushwa na stata inapumua kwa kipimo, wuu-wuu-wuu, kila pumzi ni silinda moja inabana hewa. Ukisikia inazunguka laini na haraka kupita kawaida, bila zile pumzi, acha kupiga stata hapohapo, belti au cheni ya taimingi (inayofungua valvu kwa wakati wake) inaweza kuwa imekatika au imeruka meno, na kwenye injini nyingi kuendelea kuzungusha ni kugonganisha valvu na pistoni. Ukisikia pumzi nzito kadhaa afu moja nyepesi, silinda moja haibani.

Mdundo ukiwa mzuri swali linabaki moja: inakosa cheche au inakosa petroli? Chomoa plagi moja baada ya kupiga stata mara kadhaa. Imelowa petroli na inanuka? Mafuta yanafika, cheche ndo ya kutiliwa shaka, au mafuta yamezidi. Ni kavu kabisa? Petroli haifiki. Kipimo hiki ni cha bure na nashangaa kinavyorukwa.

Cheche

Kuangalia cheche, vaa plagi kwenye waya wake, mwili wa plagi uguse chuma cha injini vizuri, mbali na petroli iliyomwagika na mbali na tundu la plagi lililo wazi, usiishike kwa mkono mtupu, mwenzio apige stata. Kwenye gari ya nozeli (inayopuliza petroli bila kabureta) chomoa fyuzi ya pampu kwanza usirushe petroli. Cheche nzuri ni ya bluu au nyeupe na unaisikia inavyolia "tak tak". Ya njano au nyekundu nyembamba ni dhaifu. Usiache waya wa moto mkubwa ukining'inia bila kugusa chuma wakati wa kupiga stata, koili (inayotengeneza umeme mkali wa cheche) na moduli za elektroniki zinaweza kuungua ndani.

Hamna cheche hata kwenye waya wa katikati unaotoka kwenye koili? Tatizo liko kwenye koili au kinachoiamrisha. Ipo kwenye koili lakini kwenye plagi haipo? Fungua kepu ya distributa (inayogawa cheche kwa kila plagi), tafuta mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea kuelekea ethi, na tazama kaboni ya katikati kama bado ipo na ncha ya rota kama haijaliwa. Gari inayogoma siku za mvua au umande tu, kesi iko hapa au kwenye nyaya za plagi. Subiri giza liingie, injini iwe inaunguruma, nyunyizia maji kidogo sana ya ukungu juu ya nyaya na kepu, utaona cheche za bluu zikitambaa pale penye ubovu. Mikono mbali.

Kwa zile za pointi (kontakti ndani ya distributa zinazokata na kuunga umeme wa koili), gari za mpaka miaka ya 1970 na nyingine baada ya hapo, nafasi ya pointi ni karibu milimita 0.4 kwa nyingi, kitabu cha gari yako ndo kina namba yake. Kisigino cha pointi kikilika nafasi inapungua, taimingi inasogea na cheche inadhoofika, na gari inaanza kuwa nzito kuwaka taratibu taratibu mpaka unazoea. Pointi zikiungua haraka na kuota kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha kondensa.

Halafu kuna ile gari inayokunyanyasa hivi: ukipiga stata inashika, ukiachia ufunguo tu inazima. Kila mara. Watu wanafungua kabureta, wanabadilisha pampu, wapi. Gari nyingi za zamani zina rizista kwenye njia ya umeme wa koili ili koili isipate joto wakati wa safari, na wakati wa kupiga stata rizista hiyo inarukwa ili cheche iwe kali. Sasa rizista ikikatika, koili inapata umeme kupitia ile njia ya stata tu, ukiachia ufunguo umeme unaisha. Pima kwa tesita na ufunguo ukiwa umewashwa: upande wa kuingia wa rizista una volti 12 na wa kutoka hauna kitu hata kidogo, umeipata. Ila pima pia mguu wa swichi ya ufunguo maana swichi iliyolika inaleta dalili hiyohiyo.

Gari za nozeli za miaka ya 1980 na 1990 kwenda juu zina sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) au sensa ndani ya distributa, na hii ikifa hakuna cheche na nozeli nazo kimya kwa pamoja. Kwenye gari nyingi ukiwa unapiga stata mshale wa rpm unatikisika kidogo, ukiuona umelala kabisa, shuku sensa hiyo au waya wake. Tabia yake mbaya ni kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa: unaendesha nusu saa, gari inazima kama umezima mwenyewe, unasubiri dakika 20, inawaka, unakwenda nayo mpaka kwa fundi na kwa fundi haina tatizo lolote. Ikizima tena, kabla haijapoa pima cheche hapohapo barabarani, na kama una maji ya baridi mwagia taratibu sensa yenyewe. Ikiwaka baada ya hapo, usitafute tena.

Plagi zenyewe zisome. Masizi makavu meusi ni mafuta yamezidi au choki haifunguki, mafuta ya oili ni ringi au sili za valvu, nyeupe sana ni hewa imezidi au joto limezidi, rangi ya kahawia nyepesi ndo tunayoitaka. Nafasi ya plagi kwa mfumo wa pointi huwa karibu milimita 0.6 mpaka 0.7, kwa elektroniki karibu 0.8 mpaka 1.1. Plagi iliyolika nafasi ikawa kubwa inaweza kwenda vizuri barabarani na kukusumbua asubuhi tu.

Petroli kwenye kabureta

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua eyaklina, chungulia koo la kabureta ukiwa unavuta kamba ya mafuta kwa mkono. Unatakiwa uone mchirizi wa petroli ukiruka kwa nguvu kila ukivuta. Hauoni? Ama bakuli la kabureta ni tupu ama dayaframu ya pampu ndogo ya kabureta imepasuka. Bakuli likiwa tupu asubuhi baada ya siku kadhaa lakini baada ya kupiga stata muda mrefu linajaa na gari inawaka, petroli ilikauka au ilirudi kwenye tangi kupitia valvu mbovu za pampu.

Ukiwa hapohapo itazame choki (kibati kinachoziba hewa kwenye koo la kabureta). Injini ya baridi, choki ya otomatiki inatakiwa ijifunge ukikanyaga mafuta mara moja, ikipata joto ifunguke wima. Choki isiyojifunga ndo asubuhi ngumu, choki isiyofunguka ndo mchana mgumu na moshi mweusi na plagi kulowa. Nyingi zinanasa kwa uchafu tu, dawa ya kusafishia kabureta na vidole vinamaliza.

Mafuta yakizidi mpaka unanusa, kanyaga pedeli mpaka chini uishikilie hapo, piga stata, usipige piga pedeli maana kila pigo linaongeza petroli. Kwenye gari nyingi za nozeli mguu chini kabisa unaiamrisha kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikate mafuta wakati wa stata, kwa hiyo njia ni hiyohiyo.

Kuhusu kupulizia dawa ya kuwashia kwenye koo la hewa: kwa petroli, kidogo sana, ni kipimo kizuri, ikishika sekunde mbili ikazima ujue cheche ipo na petroli ndo haifiki. Kwenye dizeli yenye hita za kuwashia usithubutu.

Petroli kwenye nozeli

Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata, sikiliza nyuma kwenye tangi. Gari nyingi pampu inalia "zzzz" kama sekunde mbili inanyamaza, japo nyingine za zamani pampu haiwaki mpaka injini izunguke. Kimya kabisa? Fyuzi, rilei, swichi ya kukata mafuta ya ajali kwa zilizo nayo, afu ndo pampu, na upimwe umeme kwenye soketi ya waya zake kabla hujashusha tangi.

Kwa zinazojaza presha hivyo kuna kipimo kimoja nakipenda kupita vyote: gari inayohitaji stata ndefu kila asubuhi, washa ufunguo sekunde tatu, zima, washa tena, zima, mara tatu, ndo upige stata. Ikishika mara moja, cheche zako hazina kosa, presha ya petroli ndo inashuka gari ikipaki. Inatoka wapi? Valvu ya kuzuia kurudi iliyoko kwenye pampu, regyuleta ya presha, au nozeli inayodondosha. Regyuleta yenye hosi ya vakyumu ni rahisi: chomoa hosi hiyo, ukikuta petroli ndani yake dayaframu imepasuka. Nozeli inayodondosha yenyewe inakupa na dalili ya pili, ikishika inamisi kidogo na kutoa harufu ya petroli mbichi au moshi mweusi mfupi, afu inatulia. Ukiwa na geji ya presha, mifumo mingi ya nozeli kwenye manifoldi inakaa kati ya bari 2.5 na 3.5, na ukizima isianguke mpaka sifuri ndani ya dakika chache.

Sensa ya joto la maji ndo mwizi mwingine asiyetajwa. Siyo ile ya mshale wa dashibodi, ni ile inayoiambia kontroli boksi injini ni ya baridi au ya moto, mara nyingi ziko mbili jirani. Nyingi zinasoma kama omu 2,000 mpaka 3,000 zikiwa kwenye joto la nyuzi 20, na zikifika nyuzi 80 zinashuka kwenye omu 300 hivi. Ikikatika, kontroli boksi inadhani kuna barafu, inamwaga petroli, na gari ya moto inalowa plagi. Ikikwama upande wa moto, gari ya baridi inanyimwa mafuta asubuhi.

Na ile ya kugoma ukitoka kituo cha mafuta tu, siku nyingine zote nzima: kwa gari zilizo na mfumo wa kukusanya mvuke wa tangi, valvu yake imekaa wazi, mvuke mwingi unaingia kwenye injini. Bana hosi yake kwa koleo siku utakayojaza tangi uone kama inawaka.

Inagoma ikiwa ya moto

Nyingi nimeshazitaja: stata ya joto, sensa ya krenki, sensa ya maji, nozeli inayodondosha. Kwa kabureta ongeza petroli kuchemka kwenye bakuli baada ya kuzima, inamwagikia ndani na kuzilowesha plagi, au mvuke kuziba paipu iliyopita karibu na ekzosi. Kanyaga pedeli nusu au mpaka chini ukipiga stata. Dawa ya kudumu ni kusogeza paipu mbali na joto, kurudisha ile gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta ambayo mtu aliitoa akaweka karatasi, na kuhakikisha floti haijawekwa juu mno.

Hewa na kompresheni

Cheche ipo, petroli ipo, taimingi ni sahihi, bado nzito. Angalia hosi za vakyumu zilizopasuka, throto iliyoota masizi na valvu ya sailensa, yaani ya hewa ya injini inapounguruma bila kukanyagwa, iliyonasa (ukikanyaga mafuta kidogo inawaka, usipokanyaga haiwaki, ndo hiyo), na masega (katalitiki) yaliyoziba kwenye ekzosi, hayo yanafanya gari iwake kwa tabu na kukosa nguvu.

Kisha pima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, mafuta na cheche vimekatwa, throto wazi kabisa, betri nzima. Kwa petroli nyingi utaona kati ya bari 9 na 13, lakini kilicho muhimu zaidi ni silinda kulingana, tofauti ikizidi kama asilimia 15 kuna jambo. Silinda iliyo chini imwagie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi urudie: ikipanda vizuri ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi. Zote zikiwa chini kwa usawa, kabla hujalia kuhusu ringi kagua alama za taimingi. Na kama injini ina valvu za kurekebishwa kwa spana na hazijaguswa miaka, zirekebishe kwanza, valvu iliyobana kupita kiasi haikai vizuri injini ikipata joto na dalili yake ni hiyohiyo ya kompresheni ndogo.

Dizeli kwa ufupi

Asubuhi ikizunguka na kutoa moshi mweupe bila kushika, hita za kuwashia. Chomoa kila moja kwenye waya wake na upime upinzani wake kwenda kwenye chuma cha injini, nzima nyingi ziko chini ya omu 2, iliyokufa haisomi chochote. Pima pia kama umeme unafika kwenye reli yake maana rilei nayo hufa. Ikizunguka bila moshi wowote, dizeli haifiki: pampu ya mkono juu ya filta ikiwa laini asubuhi na inagumu baada ya kuipampu mara nyingi, hewa inaingia mahali. Weka kipande cha paipu inayoonyesha ndani kabla ya pampu ya dizeli utaona mapovu yakipita, afu fuata nyuma hosi na klampu moja moja mpaka yakome. Paipu ya kurudishia mafuta usiisahau, inapasuka na haimwagi tone, inavuta hewa tu gari ikilala.

Ikigoma mara moja moja

Hizi ndo zinazotesa, maana ukiwa na vipimo mkononi inawaka. Weka kwenye gari plagi moja ya akiba, waya wa kuunganisha, tesita ya bei rahisi na rilei moja ya kufanana na ya pampu. Ikigoma usianze kutikisa nyaya, maana ukitikisa ikawaka hutajua ni ipi iliyoiwasha. Kwa utaratibu: taa na stata, plagi ya akiba kwa cheche, pampu kwa sikio, halafu badilisha rilei ile moja. Andika ulichokuta. Baada ya hapo ndo utikise, waya mmoja mmoja, mwenzio akipiga stata.